Mwiko wa Supu

Peres Aoko aliuza supu ya kuku pale Kondele miaka nenda miaka rudi, na hakuwahi kuionja. Usiponiamini ni shauri yako. Waliokunywa supu ile wapo, na baadhi yao hata sasa wanaweza kukuonyesha mahali benchi lake lilipokuwa, nyuma ya wauza mitumba, karibu na mfereji ambao baraza la mji liliuchimba kisha likausahau. Watakwambia kwamba kikombe cha kwanza cha kila asubuhi hakikuuzwa. Kilikuwa cha Zadock, mvuta mkokoteni, mtu mwenye maneno mengi kuliko mizigo.

"Zadock, chumvi?" Aoko angeuliza.

Zadock angepuliza, angevuta funda, angefumba jicho moja kama fundi wa saa. "Mama, leo chumvi imelala."

Aoko angeongeza kidogo, akakoroga. "Na sasa?"

"Sasa iko macho. Wacha watu wakuje."

Wateja walimtania. Mpishi asiyeonja chungu chake, walisema, ama ni mchawi ama anajua alichotia. Aoko hakuwa mwanamke wa kukosa jibu. "Kama unaogopa," alimwambia mmoja, "enda pale kwa chai. Ile hata mwenyewe anaonja, na bado ni maji tu." Watu wakacheka, vikombe vikajazwa, swali likapita. Lilipita hivyo kila siku, na kila siku lilimgusa palepale penye kidonda.

Kuku wenyewe walikuwa leya, wale kuku wa kizungu wa kutaga. Mumewe, Dalmas, alifagia mabanda katika shamba la kuku la Bwana Jitendra, upande wa Kibos. Leya hutaga mpaka miguu inapauka na mkia unabaki vijiti. Siku thamani ya mayai yake ikipungua kuliko ya chakula anachokula, hana tena rafiki. Huuzwa kwa bei ya kutupwa, na wafanyakazi huchagua kwanza. Dalmas alikuja nao kwenye baiskeli, wamening'inia vichwa chini, midomo imekatwa ncha, wakimtazama kila mpita njia bila kinyongo.

Watu wa mjini waliwadharau. "Hiyo si kuku, hiyo ni kamba," walisema. Wao walitaka kuku wa kienyeji, au yule broila mwororo anayeiva kabla hujamaliza kuosha sahani. Mimi nasema waache wadanganyike. Broila ni pamba: inajaza mdomo na haisemi kitu. Leya mzee ladha yake yote iko kwenye mfupa, na kazi ya mpishi ni kumbembeleza aitoe.

Aoko alijua kubembeleza. Alimnyonyoa kwa maji ya moto, akambabua juu ya mwali wa magazeti mpaka vinyweleo vikaisha, akachuna ile ngozi ngumu ya miguu na kukata kucha, maana miguu ndiyo inayoipa supu uzito. Maji baridi kwanza, kuku ndani, halafu moto mdogo wa makaa yaliyofunikwa majivu, na povu kuenguliwa kila linapopanda. Leya hapikwi kwa hasira, alisema. Ukiharakisha moto nyama inakuwa kamba kweli, na supu inakuwa maji ya kuoshea vyombo. Kitunguu kimoja viwili, basi. Chumvi mwisho, kwa ulimi wa Zadock. Iliyobaki kwenye sufuria iliganda mpaka asubuhi, ukiigusa inatetemeka, na hapo ndipo Aoko alipojua kwamba ilikuwa nzuri. Macho yake yaliruhusiwa.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Leya akipasuliwa, hata yule ambaye wamesema amechoka, mara nyingi bado ana mayai ya ndani: viini vitupu visivyo na ganda, kimoja kikubwa, kinachofuata kidogo, halafu kidogo zaidi, mpaka vile vya mwisho vilivyo kama punje za wimbi. Wateja walivitaka kwa kugombana. Aoko hakumuuzia mtu. Aliviweka kando kwenye bakuli lenye kifuniko, na mwanamke aliyejifungua, awe wa Migosi au wa wapi, akituma mtu kuchukua supu, viini vile vilikwenda naye bure.

"Mwambie akunywe ikiwa moto," Aoko alimwagiza aliyetumwa. "Na asipatie mtu mwingine. Umeskia? Hata kama ni mtu wa heshima, asipatie."

Watu waliuona ukarimu, nao ulikuwa ukarimu. Lakini ulikuwa na mzizi mchungu, na mzizi wenyewe ulikuwa Seme.

Aoko alizaliwa Uyoma, kwa wavuvi, ambako samaki alikuwa chakula na kuku alikuwa heshima: ya wageni, ya mchungaji, ya wanaume. Wasichana waliosha sufuria. Alipoolewa na Dalmas, ambaye kwao ni Seme, si mbali na ziwa, mama mkwe wake Turfosa alimpokea vizuri. Alimwita nyar Uyoma, binti wa Uyoma, jinsi wake wa Kijaluo wanavyoitwa kwa jina la walikotoka. Kisha akampeleka nyuma ya jiko, akamwonyesha kuku waliokuwa wakichakura.

"Hawa utawalisha, na mgeni akija utawapika," Turfosa alisema. Walikuwa wakiongea Kijaluo, na katika lugha hiyo kuku ni gweno. "Lakini wake wa boma hili hawali gweno. Si nyama, si mchuzi, si tone. Mke akionja, mtoto wake hulegea shingo akafa."

Hata wakati ule mila hiyo ilikuwa imelegea sehemu nyingi. Wake wa walimu walikula paja hadharani na watoto wao walikwenda shule. Lakini Aoko alikuwa msichana mtiifu, na utii husifiwa sana na wale unaowafaa. Aliitikia, akaushika mwiko. Kiswahili nacho kina utani wake: kile kijiti cha kupikia na lile jambo lililokatazwa, vyote viwili jina lake ni mwiko. Aoko alivishika vyote kwa mkono mmoja.

Mtoto alikuja mwaka wa themanini na nne, ule ambao mvua ilikataa na serikali ikaleta mahindi ya njano kutoka ng'ambo. Wenye umri wanaukumbuka ugali ule, jinsi watu walivyoupangia foleni huku wakiutukana. Alikuwa mvulana. Walimwita Oketch, jina la aliyezaliwa wakati wa njaa. Aoko alimzaa kwa damu nyingi mno, akarudishwa kutoka hospitali hadi Kaloleni mjini, kwenye chumba chao katika nyumba za kaunsili, yaani za baraza la mji, midomo imempauka. Maziwa yalikuja kidogo, halafu kidogo zaidi, halafu yakakauka.

Nesi aliyekuwa akizunguka mitaa kuwaona wazazi, mama mmoja wa Kibukusu aliyeitwa Nabututu, alimtazama mtoto akinyonya, akatikisa kichwa.

"Dada, huyu mtoto ananyonya upepo," alisema. "Ambia bwana yako atafute kuku. Si kijana, kuku mzee. Achemshwe mpaka mifupa iachane. Kunywa hiyo supu asubuhi, kunywa jioni. Maziwa itarudi."

Dalmas, nampa haki yake, alileta leya siku ileile. Alimchinja, akamnyonyoa, akamtia sufuriani kwa mikono yake mwenyewe, kisha akarudi kazini. Turfosa alikuwa amekwisha kuja kutoka Seme kumwangalia mjukuu, akilala kwa jirani kama ipasavyo, lakini saa hizo alikuwa kwenye foleni ya unga. Sufuria ikabaki na Aoko. Ilitokota karibu na kitanda, chumba kikajaa harufu, na tumbo lake, ambalo kwa muda lilikuwa halijaona kitu cha maana, likaanza kumsema kwa sauti. Aliinuka kuengua povu. Tone likamrukia mdomoni, na ulimi ukalifuta kabla akili haijafika.

Alitema. Akasukutua kinywa, akatema tena. Kisha akakaa kitandani akiitazama shingo ya mtoto.

Turfosa aliporudi aliona sufuria, akauliza, akaambiwa maneno ya nesi.

"Huyo nesi ameolewa katika boma letu?" alisema. "Unataka kumuua mtoto kwa mkono wako? Lete hapa. Nakwenda kuimwaga."

Akaishika sufuria kwa kitambaa, akatoka nayo nyuma ya nyumba. Alikawia huko. Aliporudi sufuria ilikuwa tupu, na safi, hata haikuhitaji kuoshwa. Aoko alimshukuru.

Oketch akapewa maziwa ya ng'ombe yaliyoongezwa maji, na maji ya mwaka ule hayakuwa ya kuaminika. Tumbo lilimwendesha. Shingo ikalegea. Mtoto aliyeishiwa na maji mwilini hulegea kila kiungo, lakini Aoko aliona shingo tu. Alikufa kabla hajajua kucheka. Walimzika Seme, na pale kaburini, mbele ya watu wote, Turfosa aliyekuwa akilia kuliko kila mtu alimgeukia.

"Nyar Uyoma, ulionja?"

"Hapana, Mama."

"Hata tone?"

"Sikuonja."

Uongo huo ndio alioubeba kurudi nao mjini. Hakuzaa tena. Hospitali walisema ni ile damu aliyomwaga. Yeye alijua ni lile tone. Na alipoanza kuuza supu Kondele, ilikuwa kwa sababu maneno ya Nabututu hayakumtoka kichwani. Kama mwanamke mwingine boma lake halina mwiko huo, basi na anywe, maziwa yarudi, mtoto wake ashibe. Yeye angempikia tu. Midomo yake aliifunga kama mtu aliyefungwa kwa kesi aliyokiri mwenyewe.

Ikapita miaka, ya kawaida, ya kuchosha. Mwaka wa tisini na nne Turfosa aliletwa Kaloleni. Wanawe wengine walikuwa wamekufa au wamepotelea mijini; alibaki Dalmas. Alikuwa amekonda, meno yamekwisha, ugali haupiti kooni. Sasa, kwa Wajaluo mama halali katika nyumba ya mwanawe, hilo hata mtoto mdogo analijua, na majirani walisimama milangoni kuona mambo yatakuwaje. Turfosa aliketi kitandani, akavua viatu.

"Hii ni nyumba ya kaunsili," alisema. "Nyumba ya kaunsili haina mwiko."

Watu wakacheka, wakasema dani huyu, bibi huyu, ana akili kuliko wanasheria. Aoko naye alicheka, akatundika pazia katikati ya chumba. Ningekuwa mimi, ningeanza kufikiri palepale. Lakini hakufikiri, na wewe pia usingefikiri.

Alimhudumia vizuri. Alimchemshia mifupa ya ng'ombe, mama mkwe akageuzia uso ukutani. Alimpikia uji, akaulalamikia. Samaki alimtolea miiba yote kwa vidole, akamtema. Ikawa wazi kwamba asipopata kitu kinachopita atafia pale nyuma ya pazia, na Dalmas alianza kutembea na uso wa mtu anayefikiria jeneza.

Jumapili moja Aoko alikuwa mlangoni, akipika leya wa kuuza kesho yake. Pazia likasogea.

"Hiyo," sauti ikasema.

"Mama, hii ni gweno."

"Nimekuuliza ni nini?"

Aoko alisimama na kikombe mkononi. Kisha akajitafutia hoja, kama tunavyojitafutia wote: mwiko ni wa wanaozaa, na mama huyu alishamaliza kuzaa zamani, shingo ya nani italegea? Akachota supu, akaipoza, akaketi kando ya kitanda, akamlisha kwa kijiko.

"Chumvi iko sawa, Mama?" aliuliza, kwa mazoea ya Kondele.

"Ongeza. Na vitunguu usitie vingi, vinaziba ladha ya kuku."

Aoko aliongeza chumvi. Neno la vitunguu lilimpita. Turfosa alikunywa mpaka chini, akalamba midomo, akaegemea ukuta, macho yamepata mwanga ambao hawakuwa wameuona tangu aje.

"Na mayai ya ndani," alisema, "umempa nani?"

"Kuna mwanamke Migosi amejifungua. Nimemwekea yeye."

"Mwanamke wa Migosi!" Turfosa alisonya. "Niletee mimi. Ni matamu kuliko maini. Yule kuku wa Dalmas, wa mwaka wa unga wa njano, alikuwa nayo mengi, mpaka mengine niliyamaliza nimekwisha kushiba. Sijapata tena kula kuku wa mafuta kama yule."

Kijiko kilikuwa kimeinuliwa. Aoko alikirudisha ndani ya kikombe, polepole, kisigonge.

"Ulisema unakwenda kuimwaga, Mama."

"Kuimwaga?" Turfosa alishangaa kwelikweli, hakuwa akiigiza. "Mwaka ule? Mtu na akili zake amwage supu mwaka ule? Nilikuja kutoka Seme tumbo limeshikana na mgongo, nyar Uyoma. Hukuniona nilivyokuwa?"

"Na mwiko?"

"Mwiko upi?"

"Wake wa boma hawali gweno. Mtoto hulegea shingo."

Mama kizee alifikiri kidogo, kisha akacheka kwa fizi. "Aa, hayo! Mama mkwe wangu aliniambia hayohayo, mpaka siku niliyomfumania nyuma ya ghala akinyonya shingo ya kuku. Tulicheka siku ile, mimi na yeye. Sikiza, kuku ni mmoja. Wanaume wote wale, watoto wote wale. Wake utawaambia nini? Unawaambia ni mwiko. Halafu kila mmoja anaonja jikoni, anafuta mdomo, anatoka nje amenyamaza. Mwanamke gani hupika asionje? Nilidhani unajua."

"Sikujua."

"Basi ulikosa," alisema Turfosa, kwa sauti ya kumhurumia mtu aliyechelewa kufika kwenye sherehe.

"Pale kaburini uliniuliza kama nilionja."

"Watu walikuwa wanasikiliza. Mtoto amekufa, mwanamke lazima aulizwe kitu." Alifungua kinywa, akangoja, kisha akakifumba. "Nipe basi hiyo iliyobaki. Inapoa."

Na Aoko alimpa. Sitampamba, sitasema ni wema. Alimlisha kwa sababu mikono ilikuwa imezoea kulisha, na kwa sababu mikono ile ikikosa kazi hakujua ingefanya nini. Ndani yake kulikuwa kunawaka. Miaka yote hiyo alikuwa amejihukumu kwa tone moja, akalificha, akadanganya juu ya kaburi la mwanawe kwa ajili yake. Kumbe kosa halikuwa tone, lilikuwa sufuria nzima. Hakumuua Oketch kwa kuonja. Kama kuna kilichomuua, ni kwamba hakunywa. Na pale nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka kitandani alipokuwa amelala na matiti makavu, mtu alikuwa amechuchumaa akila maziwa ya mtoto.

Dalmas aliporudi kazini alimwambia yote, nje, kwenye bomba la maji. Dalmas alisikiliza huku akiosha mikono, akaiosha tena ilhali ilikuwa safi.

"Mama alikuwa na njaa," alisema mwishowe. "Mwenye shibe hamjui mwenye njaa."

"Na mimi nilikuwa nimeshiba?"

"Aoko, hayo yamepita. Mama hangefanya kwa ubaya, mjukuu ni wake. Kuku havunji yai lake."

"Hakulivunja," alisema Aoko. "Alilila. Wewe unashinda bandani. Hujawahi kuona kuku anayekula mayai yake?"

Dalmas, aliyewaona wengi na kuwatoa bandani kwa mkono wake, alifunga bomba akaingia ndani kumjulia hali mama.

Yaliyofuata ndiyo yaliyomuumiza Aoko kuliko maneno. Supu ilifanya kazi. Kila asubuhi kabla ya kwenda Kondele alimwachia Turfosa supu kwenye chupa ya kutunzia joto, imejaa, na kila jioni aliikuta tupu na mgonjwa amezidi kuwa mtu. Kwanza alikaa bila kuegemea. Halafu akatoka mlangoni kuota jua. Mashavu yakajaa, mikono ikapata nyama, sauti ikarudi, naye akaanza kuwagombeza watoto wa majirani kwa kupiga mpira karibu na nguo zilizoanikwa. "Dani amefufuka!" watu walisema, wakimpongeza Aoko. Aliitikia ahsante. Kama supu ya leya iliweza kumrudisha kikongwe ambaye seremala alikuwa karibu kumpima, ingemfanya nini msichana aliyejifungua? Hakuna daktari anayeweza kulijibu swali hilo, wala mimi siwezi. Labda Oketch angekufa hata hivyo. Wengi walikufa mwaka ule. Lakini Aoko aliishi na jibu lililovaa leso na kukaa mlangoni pake likiota jua.

Supu alimpa yote aliyotaka. Mayai ya ndani hakumpa hata kimoja. Kila yalipoulizwa alijibu vilevile, bila kuinua sauti: "Yana wenyewe, Mama." Hicho ndicho kisasi chote alichowahi kulipiza. Ni kidogo, najua. Nimewaza mara nyingi ningefanya nini mahali pake, na sijapata kikubwa zaidi ambacho mtu angeweza kuishi nacho.

Turfosa aliporudi Seme alirudi kwa miguu yake mwenyewe, begi kichwani. Majirani walitoka kumsindikiza. Naye, kwa kuwa alipenda hadhira, akamshika Aoko mkono akauinua.

"Mnamwona huyu?" alisema. "Huyu ni mke. Wengine siku hizi wanakula kila kitu mbele ya wanaume kama hawana kwao. Huyu ameishika mila ya boma letu mpaka leo. Muulizeni kama amewahi kuonja gweno."

Wanawake wakapiga vigelegele. Dalmas alitazama chini. Aoko aliutoa mkono wake taratibu, akasema, "Safari njema, Mama," akaingia ndani, akaling'oa lile pazia kwa nguvu hata msumari ukatoka na kipande cha ukuta.

Kesho yake alikuwa Kondele kama kawaida, moto umefunikwa majivu, povu limeenguliwa. Zadock aliegesha mkokoteni, akanyoosha mkono kupokea kikombe chake. Mkono ukabaki hewani. Aoko alikuwa ameuchukua mwiko, ule wa kukorogea, akauchovya, akauinua unachuruzika.

Kuna faraja moja ndogo ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Tangu siku ile ya Jumapili alikuwa akijiambia kwamba labda supu yenyewe si kitu. Labda ni maji ya moto yenye mafuta, watu wanaisifu kwa sababu ya njaa tu. Huyo mama mkwe alikuwa na njaa, na mwenye njaa hata maji ya chumvi huyaona asali. Kama ni hivyo, basi hakunyang'anywa kitu kikubwa, wala Oketch hakunyang'anywa.

Akaulamba mwiko.

Ilikuwa tamu. Ilikuwa nzito na laini, ikateremka kifuani ikimpasha joto, upande huu na upande ule, mahali palepale ambapo maziwa yalikauka. Hakuwa amewahi kuonja kitu kizuri kama kile, na alikuwa amekipika kwa mikono yake miaka yote ile. Alichovya tena, akalamba tena.

"Mama," Zadock aliuliza, kwa mara ya kwanza katika urafiki wao, "chumvi?"

"Imezidi," alisema Aoko.

Zadock aliichukua sufuria ndogo ya kuchotea, akachota mwenyewe, akapuliza, akaonja. Kisha akamtazama usoni, akaona machozi yakishuka na kuingia mdomoni.

"Kwa supu iko sawa, Mama," alisema, bila utani wowote. "Kaa chini kidogo. Mimi nitapatia watu."